Kuomba Nafasi ya Uzamifu katika Sayansi ya Habari na Teknolojia ya Ujifunzaji: Mwongozo kwa Wakazi

Mwaka 2016 serikali kuu ilianza kusambaza tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na simu za wazazi. Mara zote mbili swali moja lilibaki bila jibu kamili katika nyumba nyingi: ni mtoto yupi aliyejifunza, kwa kifaa kipi na kwa msaada wa nani?

Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu vifaa vilivyofika. Linahitaji mtu aliyefunzwa kuchunguza jinsi watu wanavyotafuta habari, wanavyozielewa na wanavyozitumia kujifunza. Katiba ya 2010 iliweka maktaba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo watu wanaokutana na swali hili kila siku wamo humu humu katika kaunti: mkutubi, mwalimu, afisa wa kumbukumbu, afisa wa TEHAMA. Baadhi yao wana shahada ya uzamili na wamekuwa wakiwaza hatua inayofuata.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamifu katika fani hiyo, hapa nchini au ng'ambo. Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba nafasi hii haipatikani kwa wingi wa vyeti. Inategemea nguzo tatu: swali lililo wazi, msimamizi anayelifahamu swali hilo, na fedha zilizothibitishwa kwa maandishi. Mwenye nguzo mbili tu huweza kuingia chuoni, lakini huenda asitoke na shahada.

FANI HII INAHUSU NINI

Neno "habari" katika sayansi ya habari halina maana ya taarifa za saa moja usiku. Fani hii huchunguza jinsi maarifa yanavyokusanywa, yanavyopangwa, yanavyohifadhiwa, yanavyotafutwa na yanavyomfikia anayeyahitaji. Maktaba, masjala ya ofisi, hifadhi ya nyaraka na mfumo wa kompyuta wa hospitali vyote vimo ndani yake. Maktaba ya ngamia iliyoanza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa miaka ya 1990 ni mfano mzuri wa kazi ya fani hii: ni nani hafikiwi na vitabu, na njia ipi itamfikia?

Teknolojia ya ujifunzaji ni jirani wa karibu. Yenyewe huuliza jinsi chombo, iwe ni redio, simu, tabuleti au programu ya kompyuta, kinavyomsaidia au kumzuia mtu kujifunza. Si fani ya kutengeneza mashine, wala mwombaji si lazima awe mhandisi.

Vyuo vingine hufundisha nyanja hizi mbili chini ya paa moja. Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani ni mfano unaojulikana. Huko ndiko alikofundisha David Jonassen, aliyefariki mwaka 2012. Alijulikana kwa hoja kwamba kompyuta isiwe mwalimu wa kumhubiria mwanafunzi, bali iwe chombo ambacho mwanafunzi anafikiri nacho anapotatua tatizo. Vyuo vingine huzitenganisha. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha kwa miaka mingi mawasiliano na teknolojia ya elimu upande wa kitivo cha elimu. Kwa hivyo mwombaji asome kozi yenyewe inafundisha nini, asiishie kwenye jina lake.

UZAMIFU SI UZAMILI WA PILI

Katika shahada ya uzamili, mwanafunzi huonyesha kwamba ameyaelewa yale ambayo wengine wamegundua. Katika uzamifu anatakiwa kuongeza jambo ambalo halikuwa likijulikana, na kulitetea mbele ya wataalamu. Kazi hiyo huchukua angalau miaka mitatu, na mara nyingi zaidi.

Nchini Marekani, mwanafunzi kwa kawaida husoma kozi kwa takriban miaka miwili, hufanya mtihani mkuu, hutetea pendekezo la utafiti, kisha huandika tasnifu. Safari nzima huchukua miaka minne hadi sita kwa wengi. Nchini Uingereza, mwanafunzi huanza utafiti moja kwa moja na hutarajiwa kumaliza kwa miaka mitatu au minne. Hapa Kenya kuna vyuo vyenye mfumo wa kozi pamoja na tasnifu, na vingine vya tasnifu pekee.

Tofauti hii inagusa uchaguzi. Anayehitaji kwanza kufundishwa mbinu za utafiti atafaidika na mfumo wenye kozi. Mwenye swali lililokomaa na uzoefu wa utafiti anaweza kufaulu katika mfumo wa tasnifu pekee. Na anayetaka tu kupandishwa cheo ofisini ajiulize kwanza kama cheo hicho kweli kinahitaji uzamifu. Si aibu kugundua kwamba kozi fupi au stashahada ya uzamili ingetosha. Ni aibu ndogo kuliko kuuza shamba kwa karo ya mwaka wa kwanza na kusimama mwaka wa pili.

SOMO LA 1: SWALI KABLA YA CHUO

Waombaji wengi huanza kwa kutafuta chuo. Njia bora ni kuanza na swali. Tuchukue mfano wa mkutubi wa maktaba ya umma katika mji mdogo. Amefanya kazi miaka minane, ana uzamili, na anataka kuendelea. Anaandika mada yake ya kwanza hivi:

"Athari za TEHAMA katika elimu nchini Kenya."

Mada hii ni pana kama bahari. TEHAMA ipi? Elimu ya kiwango gani? Athari zitapimwaje? Msomaji wa maombi hawezi kujua mwombaji atafanya nini siku ya kwanza. Mkutubi anarudi kazini na kutazama kwa makini kile anachokijua yeye kuliko profesa yeyote. Kila jioni wanafunzi wa gredi ya tano na ya sita huja maktabani na maswali ya kazi ya nyumbani. Huchukua tabuleti, huandika swali zima kama lilivyo kitabuni, husoma jibu la kwanza, hulinakili na kuondoka. Wachache huandika upya swali kwa Kiswahili, au huuliza jirani. Kwa nini hao wachache hufanya hivyo?

Sasa anaandika tena:

"Wanafunzi wa gredi ya tano na ya sita wanaotumia maktaba ya umma baada ya masomo hutafutaje majibu ya kazi ya nyumbani kwenye tabuleti, na ni msaada gani wa mkutubi unaowafanya walinganishe majibu badala ya kunakili la kwanza?"

Swali hili lina watu, mahali, tendo na jambo la kupimwa. Linagusa sayansi ya habari, kwa kuwa linahusu kutafuta, na teknolojia ya ujifunzaji, kwa kuwa linahusu kujifunza kwa chombo. Zaidi ya hayo, jibu lake litakuwa na faida: kaunti itajua kama pesa zijazo ziende kwenye tabuleti zaidi au kwenye mafunzo ya wakutubi.

Swali linaweza kupimwa kwa njia nne. Linaweza kujibiwa na mtu mmoja kwa miaka michache? Tayari kuna wengine waliolijibu? Mwombaji ana njia ya kuwafikia watu wanaohusika? Na jibu likiwa kinyume cha anavyotarajia, bado litakuwa na maana? Likifeli kipimo kimoja, lirekebishwe kabla ya kuandika barua yoyote.

Ili kujua kama wengine wamelijibu, mwombaji asome. Tasnifu nyingi za vyuo vya Kenya zimewekwa wazi katika hazina za kidijitali za vyuo hivyo, na Google Scholar hutumika bila malipo. Makala kumi hadi kumi na tano yaliyosomwa vizuri, yenye maelezo mafupi ya kila moja kwenye daftari, yanatosha kuanzia.

SOMO LA 2: NYUMBANI AU NG'AMBO

Kusoma nchini kunamwezesha mtu kubaki karibu na familia, kuendelea na kazi mara nyingine, na kufanya utafiti pale pale anapoishi. Ugumu wake ni kwamba anayefanya kazi mchana na kuandika usiku huchoka, na wasimamizi huwa na wanafunzi wengi. Kabla ya kuomba, ni vyema kuzungumza na wanafunzi wawili au watatu wa uzamifu katika idara husika na kuwauliza swali moja: msimamizi huchukua muda gani kurudisha sura iliyowasilishwa? Jibu lao litamfunza mwombaji mengi ambayo hayamo kwenye kijitabu cha chuo.

Afrika Kusini ni njia ya kati. Chuo Kikuu cha Pretoria kina idara ya sayansi ya habari, na UNISA ni chuo kinachojulikana kwa masomo ya masafa.

Marekani huwa na faida ya ajira ya usaidizi, ambapo mwanafunzi husaidia kufundisha au kutafiti, naye hulipiwa karo na kupewa posho. Lakini ni mbali, na sheria za visa zina makali yake. Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mwenzi wake anayemfuata kwa visa ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa. Familia iketi na kujadili hili kabla ya fomu kujazwa, si baada ya visa kutoka. Posho inayomtosha mtu mmoja haitoshi watu wanne.

Kwa chuo chochote, cha ndani au cha nje, mwombaji athibitishe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) kwamba chuo hicho kinatambuliwa. Shahada isiyotambuliwa haitamsaidia mbele ya bodi ya ajira, hata kama aliisomea kwa bidii.

SOMO LA 3: KUMTAFUTA MSIMAMIZI

Uzamifu ni safari ya watu wawili. Mwanafunzi mzuri akipewa msimamizi asiyeijua mada yake hupoteza njia. Mwombaji atafute majina kwenye makala aliyosoma: ni nani anayeandika mara kwa mara kuhusu watoto na utafutaji wa habari, au kuhusu maktaba za umma? Anafundisha wapi? Je, bado anapokea wanafunzi wapya?

Kisha amwandikie barua pepe fupi. Barua nzuri ina mambo matano: mwombaji ni nani na anafanya kazi gani, kwa sentensi moja; makala ya msimamizi aliyoisoma na jambo moja mahususi alilolipata humo; swali lake la utafiti, kwa sentensi mbili; ombi lililo wazi, kwa mfano kama msimamizi anapokea wanafunzi mwaka ujao; na wasifu wa kurasa mbili ulioambatishwa.

Barua mbaya pia hutambulika haraka. Huanza kwa sifa nyingi, haimtaji msimamizi kwa jina, imetumwa kwa maprofesa thelathini kwa wakati mmoja, na huomba ufadhili kabla ya kutaja swali. Adabu ya kwetu ya kutangulia na salamu ndefu ni njema nyumbani, lakini katika barua hii salamu ya mstari mmoja inatosha.

Asipojibiwa baada ya wiki mbili au tatu, akumbushe mara moja. Akinyamaziwa tena, aendelee na mwingine bila kinyongo. Katika vyuo vya Kenya, mwombaji anaweza pia kufika idarani na kuomba kumwona mwenyekiti wa idara. Katika baadhi ya vyuo vya Marekani, kamati ndiyo huamua badala ya profesa mmoja, lakini profesa anayelifahamu jina la mwombaji hulisoma faili lake kwa macho mengine.

SOMO LA 4: HATI ZINAZOHITAJIKA

Vyuo hutofautiana, lakini vingi huomba hati hizi:

1. Vyeti vya shahada ya kwanza na ya uzamili, pamoja na transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama. Vyuo vya nje mara nyingi hutaka transkripti itumwe na chuo chenyewe. Mwombaji aanze kuifuatilia mapema, hasa kama alihitimu zamani au ana deni la ada chuoni.

2. Barua tatu za mapendekezo. Waandishi wazuri ni wale walioiona kazi ya mwombaji: msimamizi wa tasnifu ya uzamili, mhadhiri aliyemfundisha, au mkuu wake kazini anayeweza kueleza jambo alilolifanya. Barua ya kiongozi mashuhuri asiyeijua kazi hiyo haina uzito. Apewe kila mwandishi angalau mwezi mmoja, pamoja na wasifu, swali la utafiti na tarehe ya mwisho.

3. Pendekezo la utafiti au maelezo ya azma, kulingana na chuo.

4. Sampuli ya maandishi ya kitaaluma, kwa mfano sura moja ya tasnifu ya uzamili.

5. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama vile TOEFL au IELTS, kwa vyuo vya nje vinavyouhitaji. Baadhi ya vyuo huwasamehe waliosoma kwa Kiingereza. Ombi la kusamehewa liandikwe na jibu lihifadhiwe. Matokeo ya mitihani hii hutumika kwa miaka miwili tu, kwa hivyo haifai kuifanya mapema mno. Kuhusu GRE, vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuihitaji, na mwombaji asiilipie kabla ya kusoma masharti ya kozi yake.

6. Pasipoti, inayoombwa kupitia eCitizen. Majina yalingane katika pasipoti, kitambulisho na vyeti vyote. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa ashughulikie tofauti hiyo mwanzoni.

SOMO LA 5: MAELEZO YA AZMA

Hii ndiyo hati inayowashinda wengi. Wengine hueleza maisha yao tangu chekechea. Wengine hujaza sifa: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kiu ya elimu." Kamati husoma sentensi hiyo mara mia kila mwaka na haikumbuki aliyeiandika.

Mkutubi wa mfano wetu anaweza kufungua hivi: "Kila jioni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, watoto wapatao ishirini hufika katika maktaba ninayoisimamia kutafuta majibu ya kazi ya nyumbani. Nimewatazama kwa miaka mitatu, na nimeona kwamba wengi huamini jibu la kwanza wanaloliona." Msomaji tayari amefika maktabani. Anajua mwombaji ni nani, ameona nini, na kwa nini anauliza.

Baada ya hapo maelezo yajibu maswali matatu kwa mpangilio: swali ni lipi na wengine wamesema nini kulihusu, mwombaji ana uzoefu na ujuzi gani wa kulichunguza, na kwa nini chuo hiki, akitaja walimu wawili au watatu ambao kazi yao inahusiana na swali. Kurasa mbili zinatosha, isipokuwa chuo kiseme vingine.

Udhaifu pia uelezwe kwa ufupi na kwa ukweli. Kama alama za mwaka mmoja zilishuka kwa sababu ya ugonjwa au msiba, sentensi moja inatosha, kisha aendelee. Maandishi yawe yake mwenyewe. Vyuo hukagua maandishi yaliyonakiliwa, na anayegunduliwa hupoteza nafasi na jina pia. Mtu mmoja mwenye ujuzi na mwingine asiyejua fani hii wayasome kabla hayajatumwa. Asiyejua fani akishindwa kueleza swali kwa maneno yake, basi halijaeleweka bado.

SOMO LA 6: BARUA YA KUKUBALIWA SI BARUA YA UFADHILI

Wakazi wengi wamefurahia barua ya kukubaliwa, wakafanya harambee, kisha wakagundua kwamba barua hiyo haikutaja senti. Barua ya kukubaliwa inasema tu kwamba mwombaji anaruhusiwa kusoma. Barua ya ufadhili inataja kiasi, muda na masharti. Ni lazima zote mbili zisomwe, mstari kwa mstari.

Vyanzo vya fedha vinavyofaa kuchunguzwa ni ajira ya usaidizi katika chuo chenyewe. Programu kama Fulbright ya Marekani, ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa Uingereza na DAAD ya Ujerumani. Na kwa wanaosoma nchini, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), ambayo pia ina mipango ya masomo ya juu. Kila mmoja una masharti na tarehe zake. Basari za wadi kwa kawaida huelekezwa kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo wenye uhitaji, na mwombaji wa uzamifu asijenge bajeti juu yake.

Bajeti ihesabu miaka yote, si mwaka wa kwanza pekee. Iwe na karo, ada ya usimamizi na ya mitihani, gharama za utafiti, usafiri, bima ya afya, na matumizi ya nyumbani wakati mapato yamepungua. Kama ufadhili ni wa miaka mitatu na kozi ni ya miaka mitano, mwombaji aulize kabla ya kukubali: mwaka wa nne utalipwa na nani?

Mtumishi wa umma ana hatua ya ziada. Aombe likizo ya masomo kwa maandishi kupitia idara yake kabla ya kukubali nafasi. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC huomba kwa tume hiyo. Anayepewa likizo yenye mshahara kwa kawaida hutia saini mkataba wa kurudi na kutumikia kwa muda uliowekwa, au kurejesha fedha. Kuondoka bila ruhusa huweza kuhesabiwa kuwa kutoroka kazi, na shahada haifuti kosa hilo.

KALENDA YA MWOMBAJI

Vyuo vya Kenya hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, na matangazo hutoka kwenye tovuti zao na magazetini. Kwa Marekani, anayetaka kuanza mwezi Agosti anaweza kufuata mpango huu wa mwaka uliotangulia:

Januari hadi Aprili: kusoma makala na kuandika swali.
Mei hadi Julai: kuchagua vyuo vinne au vitano na kuwaandikia wasimamizi.
Agosti na Septemba: mtihani wa Kiingereza, transkripti na pasipoti.
Oktoba: kuwaomba waandishi wa barua za mapendekezo.
Novemba: kukamilisha maelezo ya azma.
Desemba na Januari: kutuma maombi, kwani tarehe nyingi za mwisho huangukia hapo.
Februari na Machi: mahojiano na majibu.

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Kwa hivyo mtu asikubali kusukumwa kujibu usiku mmoja. Ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo, ila baadhi huiondoa kwa anayeomba kwa barua yenye sababu. EducationUSA, mtandao wa ushauri unaoendeshwa na serikali ya Marekani, pia una huduma zake Nairobi.

UTAFITI UKIFANYIKA HAPA KAUNTINI

Mwanafunzi wa chuo chochote, hata cha ng'ambo, anayekusanya data nchini anahitaji leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), chini ya sheria ya mwaka 2013. Anahitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Kwa kawaida huripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kuingia shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla data ya mtoto kuchukuliwa. Hatua hizi huchukua wiki au miezi, na ziwemo katika mpango tangu mwanzo.

Wakazi nao wana haki zao. Mtafiti akifika nyumbani au shuleni, mkazi anaweza kuomba kuona leseni, kuuliza majibu yatatumikaje, na kukataa bila kuadhibiwa.

TAHADHARI DHIDI YA MATAPELI

Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha nafasi ya uzamifu. Anayedai "kuna mtu wangu ndani", anayetaka malipo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, au anayejitolea kumwandikia mwombaji pendekezo zima, aepukwe. Barua ya kweli hutoka kwenye anwani rasmi ya chuo, na inaweza kuthibitishwa kwa kupiga simu katika ofisi ya masomo ya juu. Shahada ya uzamifu inayotolewa kwa miezi michache kwa "uzoefu wa maisha" si shahada.

ZOEZI LA KUFUNGIA SOMO

Mkazi anayefikiria kuomba achukue karatasi moja na kuandika majibu haya: swali lake kwa sentensi moja, majina matatu ya wataalamu wanaoandika kuhusu swali hilo, majina matatu ya watu watakaompendekeza na kazi waliyoiona, gharama ya miaka yote na atakayeilipa, na mtu mmoja katika kaunti ambaye maisha yake yataboreka jibu likipatikana.

Nafasi zilizobaki wazi kwenye karatasi hiyo ndizo kazi za mwezi ujao. Anayeshindwa kujaza mstari wa mwisho asikate tamaa. Arudi mahali pake pa kazi, aketi kimya jioni moja na kutazama watu wanaoingia wakitafuta jambo na kuondoka bila kulipata. Mara nyingi swali la uzamifu huwa limekaa pale pale mlangoni, likisubiri mtu wa kuliandika.